Neno la Neema kwenye gumzo la familia

Neema: Shikamooni wote. Mwalimu wa Kiingereza kanirudishia insha, pembeni kaandika neno moja tu kwa wino mwekundu: "shallow". Kamusi yangu inasema "-enye kina kifupi". Kwani insha ina kina?

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Inacho, ndiyo maana umeambiwa yako haina 😂

Mama Neema: Wifi jamani!

Idi: Anamaanisha umeandika juujuu. Mambo umeyataja, hujayachimba.

Mjomba Salim: Idi kapatia. Kwenye maji hicho ni kipimo tu: maji mafupi, mtoto anasimama. Kwenye hoja ni kasoro. Ukimwambia mtu mwenyewe ni tusi, kwamba anajali sura na mavazi, ndani hamna kitu.

Neema: Kwa hiyo nimetukanwa?

Mjomba Salim: Imesemwa insha, si wewe. Pumua.

Shangazi Rehema: Mimi neno hilo lilinikimbia siku ya haja. Mgeni anaogopa kuingia majini, nikamtoa hofu nikamwambia maji ni "short". Si nimetafsiri maji mafupi? Akaniuliza yatarudi saa ngapi 🙈

Idi: 😂😂😂

Mjomba Salim: Kwao maji yakiwa "short" maana yake hayatoshi. Sisi neno fupi tunalipeleka mpaka chini ya maji, wao hawalifikishi huko.

Mama Neema: Sisi manesi tunalitumia kwenye pumzi. Mgonjwa anaweza kuhema mbiombio lakini kila pumzi ikawa ya juujuu, kifua kinanyanyuka kidogo sana. Ndiyo maana sihesabu tu, namtazama na kifua.

Idi: Kwenye matetemeko ya ardhi linachekesha. Chanzo kikiwa kilomita 0 hadi 70 chini ya ardhi, wataalamu wanaliita shallow.

Neema: Kilomita 70 ndiyo fupi??

Idi: Mengine yanaanzia kilomita 600 huko. Na haya ya karibu ndiyo hubomoa zaidi, nguvu haijapungua njiani.

Neema: Sawa. Basi popote penye "deep" nikitaka kinyume naweka "shallow".

Mjomba Salim: Hapana, hapo ndipo tunapoteleza wengi. Sauti nzito wanaiita "deep", lakini nyembamba ni "high". Usingizi mzito ni "deep", ule wa mang'amung'amu ni "light". Rangi iliyokolea nayo ni "deep", iliyopauka ni "pale". Kwa kawaida shallow haitumiki kwa hizo tatu.

Shangazi Rehema: Lugha ya watu hii.

Mjomba Salim: Yetu nayo, shemeji. Usingizi tumeupa uzito, tena tunaupimia kilo gani?

Mama Neema: Neema, alipoandika neno hilo ni karibu na sentensi gani?

Neema: Ile niliyosema watu huchafua maji kwa sababu hawajali.

Idi: Ukaishia hapo?

Neema: Nikaweka nukta.

Idi: Sasa hapo ndipo pa kuchimba. Nani hajali, anatupa nini, kwa nini anaona nafuu kutupa pale.

Babu: Nimesoma yote. Insha yenyewe ilihusu nini?

Neema: Kina cha bahari, babu.