Tumerekodi albamu ya kuchangia wagonjwa kwa programu ya kukreki, dhamira inanisuta. Naombeni ushauri

kinanda_cha_nyuma (mleta uzi)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wa imani nyingine habari zenu. Uzi ni mrefu kidogo mnivumilie.

Mi ni mpiga kinanda wa kwaya yetu kanisani, na kwa vile ndo pekee ninayejuajua kompyuta nikajikuta nimekuwa prodyuza, fundi mitambo na mtunza orodha ya michango, vyote mimi. Kwaya iliamua kurekodi albamu ya nyimbo 8, saba tumetunga wenyewe na moja ya zamani, tukaahidi mbele ya kanisa zima kwamba kitakachopatikana chote kinaenda kwa wagonjwa walioshindwa kulipia matibabu. Studio hatuiwezi kwa hiyo nikasema nitarekodi mwenyewe. Chumba cha kubadilishia majoho tukakitundika mablanketi ukutani, maiki ya kuazima, laptopu yangu, kazi ikaanza.

Sasa tatizo. Programu niliyotumia kurekodia ni ya kukreki, yani ya kulipia ila imevunjwa ulinzi wake itumike bure. Nilipewa na rafiki kwenye fleshi, maelekezo yanasema zima antivairasi kwanza halafu bonyeza hiki na hiki, nikazima, nikabonyeza, ikakubali, nikashukuru Mungu kabisa.

Jumamosi iliyopita tunarekodi wimbo wa sita, tumeutoa Zaburi ya 24. Kina mama wa alto (sauti ya chini ya wanawake) wamefika pale kwenye "mikono safi na moyo mweupe", programu ikaganda, likatokea boksi katikati ya skrini linasema leseni hii si halali. Mama mmoja akaniuliza, mwanangu, hiyo inasemaje? Nikamjibu mashine imechoka mama. Imechoka! Nimemdanganya mtu mzima ndani ya kanisa kwenye mstari wa mikono safi. Kesho yake mwenyekiti akanisimamisha ibadani, kijana wetu katuokolea gharama za studio, watu makofi. Nilitamani sakafu ifunguke.

Uzinduzi ni wiki tatu kutoka sasa. Nyimbo 6 zimekamilika. Je niendelee nimalizie tu nitubu kimyakimya, au nianze upya na wagonjwa wasubiri? Na je nimwambie mchungaji? Pia laptopu siku hizi feni inalia hata kama sifanyi kitu, sijui kama inahusiana.

besi_ya_mwisho

Samahani mkuu nimecheka sana hapo kwenye mashine imechoka. Nakuombea lakini.

baba_wawili

Kijana usijitese. Mungu anaangalia moyo. Mgonjwa kitandani hana habari na leseni, anataka dawa. Maliza nyimbo mbili zilizobaki, zindua, wagonjwa wasaidiwe, baadaye mkipata nafuu nunueni programu halali. Kuna watu wanaiba sadaka yenyewe na wanalala usingizi wewe unakosa usingizi kwa ajili ya boksi.

alto_mkaidi

@baba_wawili shikamoo baba, ila hapo sikubaliani na wewe. Tusome 2 Samweli 24 mwishoni. Daudi anataka kujenga madhabahu, Arauna anamwambia chukua kiwanja bure, chukua na ng'ombe bure. Daudi akakataa, akasema hawezi kumtolea Bwana sadaka asiyoigharimia. Na pale mwenye mali alikuwa anampa kwa hiari yake! Hapa mwenye programu hajampa mtu chochote. Yani hali yetu ni mbaya kuliko ile aliyoikataa Daudi.

baba_wawili

@alto_mkaidi marahaba. Umenibana. Lakini bado wagonjwa wanasubiri.

sina_dhehebu

Wakuu tuache unafiki, nusu ya mnaomhubiria hapa Windows zenu mnajua wenyewe mlizipataje 😂 Jamaa angalau ameona aibu.

fundi_wa_fleshi

Mkuu mleta uzi, dhamira waachie hao wataalamu wa maandiko, mi nimekwama kwenye neno moja tu ulilopitia haraka: ORODHA YA MICHANGO. Ina maana majina ya wagonjwa, magonjwa yao, namba za simu za wachangiaji, vyote viko kwenye laptopu hiyohiyo uliyozima antivairasi ukafungulia mlango programu usiyoijua? Halafu feni inalia bila kazi?

Ngoja nikueleze hizi kreki zinavyofanya kazi. Anayekupa bure kitu cha kuuzwa naye ana chake anachotafuta. Sio zote lakini nyingi zinakuja na mgeni ndani, ndo maana sharti la kwanza ni kuzima mlinzi. Kuna wanaotumia kompyuta yako kuchimba sarafu za mtandaoni, hapo feni italia usiku na mchana. Wengine hawapigi kelele kabisa, wanakusanya nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari wanaondoka nazo, ukija kushtuka barua pepe ya kwaya inaomba watu michango ya uongo kwa jina lenu. Wengine wanafunga mafaili yote na kudai fidia, hapo nyimbo sita zimekwenda na maji. Feni peke yake si ushahidi, inaweza kuwa vumbi tu, lakini kwa historia uliyotoa mimi nisingesubiri kujua.

Fanya hivi leo, sio kesho. Itoe laptopu kwenye intaneti. Nyimbo na orodha vihamishie kwenye haddiski ya nje, mafaili ya sauti na ya maandishi tu, usibebe programu yoyote wala folda ile ya kreki. Kisha chukua KIFAA KINGINE, simu safi kwa mfano, badilisha nywila za barua pepe, benki na akaunti za kwaya. Usizibadilishie kwenye hiyohiyo laptopu maana utakuwa unamsomea mwizi nywila mpya. Halafu fomati (futa kila kitu), weka mfumo upya, na haddiski uipige skani kabla ya kufungua kitu.

kinanda_cha_nyuma

@fundi_wa_fleshi umenitoa jasho. Orodha ipo kwenye desktopu kabisa, faili linaitwa WAGONJWA. Intaneti nimeshazima naandika kwa simu. Ila nikifomati si programu itaondoka na nyimbo hazitafunguka tena? Zimeshikana na programu hiyo.

kijiti_cha_ngoma

Hapo ndo pa kwangu. Usifomati kabla hujatoa stemu, yani sauti ya kila mwimbaji au chombo kwenye faili lake peke yake. Faili la mradi ndo limeshikana na programu, sauti zenyewe hazijashikana na mtu. Fungua kila wimbo, toa kila traki peke yake kama WAV (faili la sauti lisilopunguzwa), na ZOTE zianzie sekunde sifuri hata kama mtu anaingia kuimba dakika ya tatu. Hapa ndo wengi wanakosea, wanatoa vipande vilivyokatwa halafu kwenye programu mpya wanakesha wakitafuta alto aliingia wapi. Zikianza sifuri zote unazimwaga pamoja zinakaa zenyewe.

Usitoe MP3, ile inakata sehemu ya sauti ili faili liwe dogo na kilichokatwa hakirudi. Kama ulirekodi kwa 44.1 kHz (mara ngapi sauti inapimwa kwa sekunde) toa kwa 44.1, usipandishe kwa sababu namba kubwa inapendeza. Traki moja ya mono kwa 44.1 na biti 16 ni kama MB 5 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika 5 wenye traki 20 ni karibu nusu GB, nyimbo sita unahitaji GB 3 hivi, fleshi ya kawaida inatosha.

Kinanda chako kama kimeingia kwa MIDI toa vyote viwili, MIDI na WAV. MIDI haina sauti ndani, inabeba tu umebonyeza kitufe gani, kwa nguvu gani, kwa muda gani. Sauti nzuri ya filimbi uliyochagua ni ya programu ile, itabaki huko. Na andika tempo (kasi) ya kila wimbo kwenye karatasi, karatasi ya kweli, mimi niliwahi kuiandika kwenye faili nikafomati faili.

Programu za halali: Audacity ni ya bure na chanzo chake kiko wazi, ipo tangu 2000, kwa kurekodi na kusafisha inatosha sana. Ardour ni nzito zaidi, kwenye Linux nyingi (mifumo ya kompyuta ya bure) unaipata bure, inafaa kumiksi traki nyingi. Reaper ni ya kulipia lakini wanakupa siku 60 za kujaribu ikiwa kamili, na leseni yao ya bei ya chini inaruhusiwa kwa taasisi zisizo za faida. LMMS ni nzuri kwa kutengeneza midundo ila kwa kurekodi kwaya usiihangaikie.

sina_dhehebu

Siku 60 na uzinduzi ni wiki tatu. Mungu wenu ana mahesabu.

mwalimu_wa_solfa

Na huo wimbo mmoja wa zamani ni upi? Usije ukasafisha programu ukaacha wimbo.

kinanda_cha_nyuma

@mwalimu_wa_solfa ni ule wa neema (Amazing Grace) wa John Newton, nahodha wa meli za watumwa aliyekuja kuwa mchungaji. Tumeuimba kwa kiswahili na mipangilio ya sauti nimeandika mwenyewe.

mwalimu_wa_solfa

Basi maneno ya kiingereza yalichapishwa 1779 na tuni inayojulikana iliunganishwa nayo 1835, hivyo havina mwenyewe tena. Ila tafsiri ya kiswahili inaweza kuwa na mwenyewe! Angalia kurasa za mwanzo za kitabu mlichotumia, kama imeandikwa haki zimehifadhiwa waandikieni barua waombeni ruhusa. Kwa kazi ya wagonjwa wengi hawakatai, lakini kuombwa na kutoombwa ni vitu viwili.

Nikuongezee jambo. Kukusanya kwa muziki kwa ajili ya wahitaji ni kazi ya zamani. Mtunzi Handel alipoimbisha Masihi, utunzi wake mkubwa wa kwaya, mara ya kwanza, Dublin kule Ireland mwezi wa nne 1742, tangazo lilitoka mapema gazetini likitaja fedha zinaenda wapi: wafungwa wa madeni na hospitali mbili, kwa majina. Wanawake wakaombwa waje bila yale magauni yenye pete za kuyatanua na wanaume waache panga nyumbani ili watu wengi zaidi waingie ukumbini. Nimekutajia kwa sababu ya hilo tangazo. Ninyi mmesema "wagonjwa". Wagonjwa gani? Kupitia nani? Semeni kabla ya kuuza nakala ya kwanza.

mama_mhazini

Nimesubiri mtu afike hapo. Mwanangu, mimi nimetunza hesabu za kanisa miaka mingi na kilichonishtua zaidi kwenye uzi wako ni kwamba wewe ndo unarekodi, wewe ndo una orodha, na nahisi hata michango inaingia kwenye simu yako. Ni kweli?

kinanda_cha_nyuma

@mama_mhazini shikamoo mama. Ni kweli. Ilianza kwa muda tu.

mama_mhazini

Marahaba. Yote huanza kwa muda tu. Sikudhanii mwizi, hata boksi limekukosesha usingizi. Lakini Paulo alipobeba mchango wa makanisa hakubeba peke yake, soma 2 Wakorintho 8 aya ya 20 na 21, alimtuma Tito na ndugu wengine ili mtu asije akawalaumu kwa habari ya fedha ile. Paulo mwenyewe! Kwa hiyo akaunti ifunguliwe kwa jina la kwaya, watia saini wawili au watatu, wewe usiwemo. Kwenye jedwali la LibreOffice ya bure weka tarehe, kilichoingia, kilichotoka, nani kashuhudia. Majina ya wagonjwa yakae faili jingine lenye nywila na hesabu ya kusoma ibadani itumie namba tu, mgonjwa wa 1, wa 2. Mtu kusaidiwa sio sababu ya kanisa zima kujua anaumwa nini.

Na mchungaji mwambie. Kabla hujafomati.

alto_mkaidi

Na yule mama wa alto je?

baba_wawili

@alto_mkaidi mwacheni kijana apumue 😅 ila na mimi nimebadilika kidogo. Sikuwa nimefikiria hiyo orodha ya wagonjwa.

kinanda_cha_nyuma

Wapendwa mrejesho. Nimeenda kwa mchungaji jana jioni. Hakunigombeza, aliniuliza tu "na kompyuta ya ofisi yangu hapa, nani aliiwekea mambo yake?" tukaangaliana. Ni mimi. Kwa hiyo zimekuwa kompyuta mbili za kusafisha.

Uzinduzi umesogezwa wiki mbili mbele, mwenyekiti atatangaza na mimi nitasema sababu kwa kinywa changu. Akaunti ya kwaya inashughulikiwa, watia saini ni mhazini na mama wawili. Wagonjwa wawili waliokuwa na haraka zaidi wazee wamechangishana kikaoni palepale kwa hiyo hawatasubiri albamu, na hapo nikajiona mjinga maana nilikuwa najiambia nikichelewa watakufa kwa sababu yangu.

Mama wa alto nilimfuata kwake. Nikamwambia mama ile siku mashine haikuchoka, nikamweleza. Akasema "nilijua, ulivyojibu haraka vile." Halafu akauliza kama wataimba upya maana siku ile alikuwa na mafua.

Sasa @kijiti_cha_ngoma nisaidie. Natoa stemu za wimbo wa nne, zimetoka 17 sawasawa lakini ya tena wa pili (sauti ya juu ya wanaume) ni kimya mwanzo mpaka mwisho. Kwenye programu mawimbi nayaona yapo.

kijiti_cha_ngoma

Angalia traki hiyo pembeni kama kitufe cha kuzima kimewaka, kuna siku ulimzima ukamsahau. Mwashe utoe upya. Na kabla hujafomati zisikilize zote moja moja mwanzo mpaka mwisho kwa hedifoni, usitazame mawimbi tu.

besi_ya_mwisho

Tena wa pili wote duniani huzimwa na kusahauliwa, hilo mbona la kawaida.