Wimbo wangu wa kwaya watu wanasema "hauishi", naombeni ushauri (niko Tanga)

Mwanakwaya_Chumbageni:
Habari za jioni wakuu. Mimi naimba sauti ya tatu kwenye kwaya hapa Tanga mjini mwaka wa sita sasa, nota za sol-fa (zile za doh reh mi) nilifundishwa hapo hapo kanisani sijapita chuo chochote. Nimetunga wimbo wangu wa kwanza wa sauti nne, doh ni G, nne kwa nne (midundo minne kila kipimo), kiitikio kina mistari minne.

Mwanzoni kila mstari niliumalizia doh, besi (sauti ya chini kabisa) inatoka soh inashuka doh, nilidhani ndio utamu wenyewe. Wenzangu mazoezini wakasema unasimamasimama kama daladala. Basi nikaona nibadilishe, mstari wa mwisho nikaipeleka besi lah badala ya doh, kwenye kinanda ikasikika tamu kweli nikafurahi. Jumapili iliyopita tukauimba, tukamaliza, watu wakabaki wanatutazama tu wanasubiri. Kutoka nje mama mmoja mtu mzima akanishika mkono akaniuliza "mwanangu, mbona mmeukatisha?" Kiukweli nililala na hilo swali.

Maneno ya mwisho ni "Bwana tupokee", sauti ya kwanza inaimba l s f m r d (lah soh fah mi reh doh), silabi moja nota moja. "Bwa" inaanzia mdundo wa nne, ile "e" ya mwisho inaangukia mdundo wa kwanza na tunaivuta midundo minne. Kosa liko wapi?

Pwani_Boy:
Mwisho punguzeni mwendo taratibu, watu wataelewa kwamba mmemaliza. Sisi ndio tunafanya hivyo.

Kinanda_Cha_Zamani:
Kupunguza mwendo hakutamsaidia, atafika pale pale ila kwa kuchelewa. Kijana pole, na hongera kwa kuthubutu sauti nne.

Kaa na kinanda uimbe doh reh mi fah soh lah ti halafu nyamaza hapo hapo kwenye ti. Utasikia mwili wako wenyewe unadai doh. Ti iko nusu hatua tu chini ya doh ndio maana inavutwa juu, na fah iko nusu hatua juu ya mi nayo inavutwa chini. Ukipiga kodi (nota kadhaa kwa pamoja) ya soh ukaongeza na fah ndani yake, hizo mbili zinakaa pamoja zikivuta huku na huku, na zinapumzika kodi ya doh ikija. Hiyo ndiyo kadensi kamili, mambo ya mwisho wa sentensi.

Sasa wewe umempa msikilizaji kodi ya soh, ameshajiandaa kukaa, sauti ya kwanza imefika doh kweli lakini chini yake besi imekwenda lah, kwa hiyo kodi imegeuka ya lah doh mi. Ni sawa na mtu anavutiwa kiti wakati anakaa. Waalimu wa muziki wanaiita kadensi ya udanganyifu na sio kosa kabisa, mimi naipenda sana, ila kazi yake ni kusema "ngoja bado kuna neno". Ukiiweka mwisho, hilo neno halitakuja. Ihamishe mstari wa tatu! Hapo watu watautaka mstari wa nne kwa hamu, na wa nne ndio besi ikae doh.

Mstari wa kwanza malizia kwenye kodi ya soh, uning'inie kama swali. Wa pili shuka doh lakini sauti ya kwanza ibaki mi, inapumzika ila haijafunga mlango. Doh juu na doh chini iweke mara moja tu. Hiyo daladala itaondoka yenyewe.

Binti_Ngamiani:
Shikamoo mzee Kinanda, umeeleza vizuri sana. Mimi naongeza kwa upande wa maneno maana baba yangu alipiga gitaa la besi kwenye taarab hapa hapa Tanga, mji huu wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, walioleta magitaa na besi kwenye taarab.

Mtunzi kaka, soma "tupokee" kama unaongea na mtu mlangoni. Umesikia uzito uko wapi? Uko kwenye "ke". Kiswahili chetu uzito unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, BWAna, tupoKEe. Wewe mdundo wa kwanza umeupa "na" halafu ukaupa "e", yaani watu wanasikia bwaNA tupokeE. Hata besi ukiirekebisha bado litasikika kama neno la mgeni. Nyimbo nyingi zilizotafsiriwa zina hili tatizo na tumezizoea, lakini wewe unatunga mwenyewe, huna sababu.

Na jambo la vina. Taarab ya zamani beti mara nyingi ni mistari mitatu, mstari mizani (silabi) 16, nane kwa nane. Kwenye kina cha kati besi ya baba ilikuwa haitui doh, anaacha sauti imening'inia, anatua kwenye kina cha mwisho, hapo ndio ala zinajibu. Mshairi ameshakuonyesha wapi pa kuvuta pumzi na wapi pa kutua, sauti ifuate tu. Mistari yako ina vina?

Mwanakwaya_Chumbageni:
Vina vipo dada, kati na mwisho, ila sikuwahi kuvihusisha na kodi hata siku moja.

Ngoma_Bagamoyo:
Nachangia toka Bagamoyo na nakubaliana na wengi ila tusimwambie kijana kwamba sikio la binadamu limezaliwa likidai ti iende doh. Hukwe Zawose aliyetoka Dodoma akaishi na kufanya kazi hapa kwetu mpaka alipofariki 2003, sikiliza muziki wake wa Kigogo na ilimba (ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba) na zeze (ala ya nyuzi). Ngazi ya sauti tano, sauti zinatembea pamoja, moja inachagua nota kwa kuruka nota iliyo katikati, na kunoga kunanoga. Hakuna soh kwenda doh ya kinanda pale na hakuna anayeuliza mbona mmekatisha.

Yule mama amesubiri kwa sababu amekulia kwenye tenzi za sol-fa, mfumo ulioenezwa na John Curwen wa Uingereza karne ya 19 ukafika huku na wamisionari, ndio huo huo Enoch Sontonga alioutumia Afrika Kusini 1897 alipotunga wimbo ambao sauti yake ndiyo ya wimbo wetu wa taifa. Kijana ameanza wimbo wake kwa lugha hiyo, basi aumalize kwa lugha hiyo. Siku akitaka lugha nyingine aanze nayo toka mstari wa kwanza.

Kinanda_Cha_Zamani:
Ngoma upo sahihi, sipingi.

Binti amenifungua macho na mimi. Kijana jaribu hivi: anzia mdundo wa kwanza. Bwa-na-tu-po midundo minne, halafu "ke" iangukie mdundo wa kwanza wa kipimo kinachofuata, midundo miwili, "e" miwili. Sauti ya kwanza l s m r | r d. Besi f m d s | d d, ile soh ishuke chini. Kwenye "po" wewe sauti ya tatu shika fah, sauti ya pili ti.

Besi ikifika doh kwenye "ke", sauti ya pili ipande doh nayo, lakini sauti ya kwanza ibaki na reh yake na wewe ubaki na fah yako, msihame. Mtashuka wote wawili kwenye "e", reh kwenda doh, fah kwenda mi. Silabi nzito inabeba msuguano, nyepesi inabeba pumziko.

Mwanakwaya_Chumbageni:
Wakuu tumejaribu jana mazoezini. Mara ya kwanza sauti ya kwanza walikimbilia doh mapema, ikawa kawaida tu. Mara ya pili nikawashikia mkono juu nikawaambia ngojeni, reh ikasuguana na doh ya sauti ya pili, nikaisikia kifuani kabisa, nilipoteremsha mkono tukashuka wote. Hakuna aliyeongea kwa muda kidogo, halafu mpiga kinanda wetu akasema turudie.

Na ile lah ya besi tuliyoihamishia mstari wa tatu imekaa mahali pake. Swali dogo, sauti ya pili wanalalamika ile doh inawaumiza masikio wakikaribiana na reh, niwahamishe?

Kinanda_Cha_Zamani:
Usiwahamishe. Waimbe laini tu, na sauti ya kwanza ndio waiegemee reh. Jumapili mkimaliza mwangalie yule mama.