Tupeane uzoefu: nani amempeleka mtoto S1 (kidato cha kwanza) kwenye shule ya serikali inayosuasua hapa Kampala?

Mama wa Makindye
Wazazi wenzangu, habari za jioni. Binti yangu amemaliza P7, darasa la mwisho la msingi, amepata agrigeti 22 (jumla ya madaraja ya masomo yake, ikiwa ndogo ndiyo nzuri), divisheni ya pili. Shule tulizojaza kwenye fomu hazikumchukua. Walimu wakuu walipokusanyika pale Lugogo kuchagua watoto wa S1, jina lake halikutoka popote. Imebaki shule ya kutwa ya serikali iliyo karibu nasi. Naipita kila siku nikienda sokoni. Uzio umelala upande mmoja, darasa la mwisho halina vioo, na mchana vijana wamejaa barabarani na sare zao. Matokeo yao ya S4 sitaki kuyataja. Ng'ambo ya barabara kuna ya binafsi: ghorofa tatu, basi la manjano, karo laki 8 kwa muhula, na mahitaji juu yake. Baba yake anasema tukope. Mimi mkopo siutaki, na ile shule naiogopa. Waliopita njia hii waniambie ukweli wote.

Fundi Umeme Nsambya
Usikope. Mkopo wa karo utaulipa miaka minne, ukimaliza S5 inakungoja mlangoni.

Hajati wa Kibuli
Kopa, nnyabo. Deni hulipwa, miaka ya mtoto hairudi. Mwanangu wa tatu alisoma shule kama hiyo. Darasa moja watoto zaidi ya mia, mwalimu wa fizikia wanamwona akitaka. Alifika S3 hajagusa kifaa cha maabara hata kimoja. Nilimtoa, na nashukuru Mungu nilimtoa.

Mwalimu wa Historia
Mimi nafundisha kwenye shule ya aina hiyo, nawaomba mnisikilize.

Kwanza tusichanganye mambo. Si kila shule ya serikali ni ya bure. Zile kongwe zenye mabweni na majina makubwa nazo ni za serikali, na karo yake wengi wetu hapa hatuifikii. Anayoisema mama ni ya USE, mpango wa serikali wa sekondari bila karo, ulioanza 2007. Ulipoanza, serikali ilitoa shilingi 41,000 kwa mwanafunzi kwa muhula. Toeni humo chaki, karatasi za mitihani, maji, umeme, mlinzi, kemikali za maabara, muone kinachobaki. Chakula hakimo: Sheria ya Elimu ya 2008 imekiweka mikononi mwa mzazi. Wale vijana mnaowaona barabarani mchana, wengi hawajatoroka. Wazazi hawakulipia posho (ugali) na maharage, na kukaa kutazama mwenzako akila ni vigumu, basi wanatoka.

Pili ni mtaala. Tangu 2020 wanaoingia S1 wana masomo 11 ya lazima na moja la kuchagua. Kuna miradi, kuna kazi za vikundi, na alama za darasani zinabeba asilimia 20 ya matokeo ya S4. Mtaala kama huo unataka mwalimu amjue mtoto mmoja mmoja. Mimi nina watoto 120 katika mkondo mmoja. Nawapenda, najitahidi, lakini mzazi ambaye haji hata siku ya wazazi ananiachia mzigo ambao peke yangu siuwezi.

Baba wa Watatu
Mwalimu, mengi umesema kweli. Lakini sema na hili: shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa zote Januari 2022. Karibu miaka miwili watoto wako nyumbani. Halafu Juni 2022 ninyi mkagoma!

Mwalimu wa Historia
Tuligoma kwa sababu mwalimu wa sayansi mwenye digrii alipandishwa hadi milioni 4 kwa mwezi, sisi wa sanaa tukaachwa palepale. Tunaingia darasa moja, tunasahihisha usiku uleule. Wewe ungekaa kimya?

Baba wa Watatu
Mshahara wenu sigombani nao, mnastahili. Ninachosema, anayelipa kila mara ni mtoto wa shule ya serikali. Wa shule ya binafsi walisoma siku zile zote za mgomo.

Mwalimu wa Historia
Na walimu wao walikuwa wanalipwa kwa wakati? Waulize.

Dada wa Ntinda
Jamani, ugomvi wa mishahara fungueni uzi wenu. Mama anauliza habari ya binti.

Mkongomani wa Katwe
Sisi tulitoka Goma. Kijana wangu alisoma kwa Kifaransa tangu mdogo. Shule mbili za binafsi zilimkataa, moja ikataka arudi P5, na ana miaka 14! Ile ya serikali, mwalimu mkuu alituketisha, akatuelekeza tupeleke vyeti UNEB, baraza la mitihani la taifa, vilinganishwe na vya hapa. Karatasi hiyo inakula pesa na muda, wakimbizi wenzangu jipangeni mapema. Lakini wakati tunangoja, mtoto alikuwa darasani. Kiingereza kilimtesa sana, walimcheka. Kwenye Kiswahili sasa yeye ndiye alikuwa anawasaidia wenzake, maana mwalimu wa Kiswahili hakuwepo kabisa.

Afande Mstaafu
Hapo ndipo ninapokasirika. Katiba ilirekebishwa 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 baraza la mawaziri likasisitiza tena kifundishwe kwa lazima. Mtaala mpya umekiweka lazima S1 na S2. Walimu wako wapi?

Kijana wa Wandegeya
Afande, watu wengi hapa Kampala wakisikia Kiswahili bado wanafikiria kambi za jeshi na majambazi. Nani atapeleka mtoto chuoni akasomee kukifundisha?

Afande Mstaafu
Nimelea watoto sita kambini kwa lugha hii, na hakuna jambazi. Watu wabadilike.

Mama wa Owino
Nimesoma mpaka hapa nimeshindwa kunyamaza. Mama wa Makindye, lile basi la manjano lisikupumbaze.

Kijana wangu alikuwa shule ya serikali hadi S2. Alikuwa wa katikati, si wa mwisho. Ndugu za mume wangu wakanisema sana, eti nauza nguo Owino napata pesa na mtoto namtupa na watoto wa mitaani. Basi nikampeleka ya binafsi, ghorofa, tai, kila kitu. Nilikuwa nalipa kwa vipande, wiki hii elfu hamsini, wiki ijayo thelathini. Alipofika S4, hiyo ni 2019, wakaomba pesa za kumsajili UNEB. Nikalipa yote mara moja kwa simu, ujumbe nikautunza. Risiti waliandika kwa kalamu kwenye kitabu cha mazoezi.

Ile shule haikuwa na kituo cha mtihani. Hilo hawakuniambia, na sikujua kama ni kitu cha kuuliza. Watoto wao walikuwa wanapelekwa kufanyia mtihani shule nyingine. Siku ya brifingi, ile ambayo watahiniwa wote wanakusanywa kusomewa masharti kabla ya mtihani, wakapelekwa huko. Majina yakasomwa. La mwanangu halikusomwa, yeye na wenzake kadhaa. Akanipigia kwa simu ya mlinzi: "Mama, sina namba ya mtihani."

Niliacha meza yangu kwa jirani, nikapanda boda, hata bei sikuuliza. Kwenye kile kituo mwalimu mkuu wa kike alinionyesha karatasi, tukapitia pamoja kwa kidole, jina kwa jina. Akaniambia, "Mama, hapa hayupo, na leo hakuna njia ya kumwingiza. Usajili ulifungwa miezi mingi iliyopita." Direkta wa ile shule simu imezimwa. Nimekwenda ofisini, naambiwa yuko njiani. Nimekwenda polisi, nimeandika maelezo, nikaonyesha ujumbe wa malipo. Jumatatu wenzake wanaingia mtihani, wangu yuko kitandani amegeukia ukuta, chakula hagusi. Nilikuwa naogopa kwenda sokoni, naogopa nikirudi nitamkuta amejidhuru. Dada yangu alitoka Jinja akaja kulala naye.

Baada ya hapo akasema shule basi. Akawa anabeba mizigo sokoni, akiniona anapita kando.

Februari 2020 nilirudi ile shule ya serikali, ile ya watoto wa mitaani waliyonisemea. Naibu mwalimu mkuu alifungua daftari la zamani, akalikuta jina. Akasema aletwe kesho, na usajili wa UNEB kwa watoto wa USE unalipwa na serikali. Machi korona ikafunga kila kitu! Nikasema huyu hana bahati. Lakini mwalimu wake wa kemia alikuwa anamtumia maswali kwenye simu yangu, anayajibu kwenye daftari, napiga picha, narudisha. Watahiniwa wakarudishwa Oktoba, mtihani wakaufanya 2021. Alipita. Si kwa kung'ara, alipita, akaenda chuo cha ufundi. Sasa anatengeneza majokofu na ananilipia kodi ya nyumba.

Dada wa Ntinda
Banange! Banange! Na huyo direkta alifungwa?

Mama wa Owino
Hapana. Pesa sehemu alirudisha mbele ya polisi, ile shule ikaja kubadilishwa jina.

Fundi Umeme Nsambya
Taja jina hapa wengine wapone.

Mama wa Owino
Sitaji. Mwanangu ana maisha yake sasa, sitaki aanze kuulizwa.

Fundi Umeme Nsambya
Ukificha, mwaka huu kuna mama mwingine atalia.

Hajati wa Kibuli
Mwacheni jamani. Aliyoyasema yanatosha. UNEB wenyewe kila mwaka wanawaonya wazazi juu ya shule za namna hiyo. Kabla ya kutoa senti, uliza namba ya kituo cha shule. Ikianza kuzunguka maneno, ondoka. Na pesa za usajili zikishalipwa, dai uone jina la mtoto kwenye orodha kabla usajili haujafungwa.

Kijana wa Wandegeya
Mimi nilisoma ya binafsi yenye kituo chake na nilisoma vizuri. Si zote ni wezi.

Mama wa Owino
Sikusema zote.

Mama wa Makindye
Mama wa Owino, pole sana dada yangu. Nimemsomea mume wangu akanyamaza. Lakini kuna jambo bado linanisumbua: huyu wangu ni msichana. Njia ya ile shule inapita steji mbili za boda, wanapongojea abiria vijana wa pikipiki. Ana miaka 13.

Mchungaji wa Kawempe
Peleka bweni kijijini. Karo ya vijijini ni nafuu na hakuna steji.

Dada wa Ntinda
Kijijini nako hakuna wanaume? Bweni la bei nafuu bila mlezi ni hatari kuliko barabara. Mimi nililelewa huko, najua ninachosema.

Mama wa S2
Mama wa Makindye, binti yangu yuko S2 katika shule ya USE hapahapa mjini, na sijamtoa. Nikuambie nilivyofanya.

Nilikwenda siku ya kazi katikati ya muhula, saa nne asubuhi, bila taarifa. Madarasa mawili hayakuwa na mwalimu, hilo nililiona. Lakini matano mengine yalikuwa na mwalimu na watoto wanaandika. Nikaomba kuona choo cha wasichana: kina mlango, mlango unafungika kwa ndani, kuna maji. Nikamwulizia yule mwalimu mlezi wa wasichana, nikamkuta, ananyoosha mambo bila kuogopa mtu. Namba yake ninayo na ananijibu. Kama huyo mwalimu angekuwa jina la kwenye karatasi tu, ningeondoka na mtoto wangu.

Njia: wasichana wanane wa mtaa wetu wanatoka pamoja na wanarudi pamoja. Asubuhi mama mmoja anawasindikiza, kwa zamu. Kuna bwana mmoja wa boda alikuwa anawapa lifti na chapati. Tulikwenda steji akina mama wote, tukazungumza na mwenyekiti wa steji mbele ya wenzake na kiongozi wa LC1, serikali ya mtaa. Hajarudia.

Chakula: wazazi wa S1 tulikubaliana anayekosa pesa alete unga au maharage au kuni. Mwalimu mkuu mwanzoni alisita, kisha akakubali. Mwaka uliofuata watoto wengi zaidi walibaki shuleni mchana, wala hakuna aliyejenga uzio.

Hesabu na fizikia bado ni shida, sikufichi. Ile pesa ambayo ningelipa karo, sehemu yake namlipa mwanafunzi wa Makerere anawafundisha Jumamosi sebuleni kwangu, watoto watano, tunachanga.

Baba wa Watatu
Hapo sawa. Lakini huyo wa Makerere analipwa, steji inasindikizwa, unga unapelekwa. Mzazi anayerudi nyumbani saa tatu usiku atafanya lini yote haya?

Mama wa S2
Mimi nauza samaki, ssebo, nami narudi usiku. Ndiyo maana tuko wanane.

Mwalimu wa Historia
Mama wa S2, ungekuwa kwenye shule yangu ningekuchagua bodi leo.

Fundi Umeme Nsambya
Mimi nashauri arudie P7 tu, apate agrigeti nzuri.

Hajati wa Kibuli
Divisheni ya pili arudie nini? Mtoto amefaulu huyo! Muulizeni na yeye mwenyewe anataka wapi.

Mama wa Makindye
Tumemwuliza leo. Anataka alipo rafiki yake, na rafiki yake anakwenda hiyo ya serikali. Jumanne nitaingia saa nne kama alivyosema Mama wa S2, na mume wangu atakwenda ng'ambo kuuliza namba ya kituo.

Mkongomani wa Katwe
Dada, ukifika uliza na mwalimu wa Kiswahili. Akikosekana, kijana wangu yuko tayari Jumamosi.

Fundi Cherehani Kisenyi
Anayeshonesha sare za S1 aje kabla shule hazijafunguliwa, wiki ya mwisho bei ya kitambaa hupanda. Na sketi mwambieni fundi aache pindo refu, wasichana wa umri huo wanarefuka haraka.