Naombeni ushauri: kundi letu la elimu ya anga kwa Kiswahili haliongezeki watu, tufanyeje?

Kilimia wa Dodoma (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Naomba mnisaidie, maana jambo hili linaniuma.

Mimi na wenzangu wanne tuna kundi la WhatsApp la unajimu kwa Kiswahili: sayari, nyota, mwezi, kupatwa kwa jua. Tulilianzisha miaka mitatu iliyopita kwa sababu kila tukitafuta habari hizi tulizikuta kwa lugha za watu, wakati lugha yetu ina majina yake kamili: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtarii, Zohali. Bibi yangu hakuingia darasani hata siku moja, lakini alijua kwamba kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo, kikichomoza mashariki jua linapozama, muda wa kushika jembe umekaribia. Nilitaka wadogo zangu wajue alichokijua yeye, na zaidi ya hapo.

Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote. Hapa Dodoma anga lilikuwa safi. Kuanzia saa 2 na nusu hadi saa 3 na dakika 52 mwezi ulikuwa mwekundu kama tofali lililoiva, na sisi tulikuwa tunatuma picha na maelezo papo hapo. Usiku ule na kesho yake waliingia watu zaidi ya tisini. Baada ya mwezi mmoja walikuwa wamebaki kama ishirini. Wengi walioingia baadaye wanauliza "nisomeeni nyota yangu", na mmoja aliweka tangazo la mganga.

Linki tumeisambaza kila mahali: kundi la ukoo, la kwaya, la tuliosoma pamoja, stetasi kila siku. Rafiki yangu wa karibu ameniambia huwa anaipita tu. Kundi ni bure, hatuuzi kitu. Tunakosea wapi?

Ticha wa Fizikia

Mkuu, hongera kwa kazi. Kosa la kwanza umeliandika mwenyewe bila kuliona: "kundi la unajimu". Kwa vitabu neno hilo linabeba elimu ya nyota, sawa, ila mtaani mnajimu ni mtu wa kutabiri. Anayetafuta kusomewa nyota akiona jina hilo anajua amefika, na mzazi anayemtafutia mwanawe sayansi anakimbia. Andikeni "elimu ya anga", na mstari wa kwanza wa maelezo ya kundi useme wazi kwamba hampigi ramli.

La pili ni hilo la linki. Linki haimwonyeshi mtu kitu. Mimi shuleni nilishindwa kabisa kupata wanafunzi wa klabu kwa matangazo ya mstarini. Nikaazima darubini ya macho mawili, ile ya 10x50, nikaifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye mpini wa fagio ili isitikisike, nikaielekeza kwenye sayari ya Mushtarii baada ya prepu. Nikawaambia wachore wanachokiona kwenye daftari: duara moja na vidoti pembeni yake. Siku ya kwanza vidoti vitatu vilikuwa upande mmoja na kimoja upande wa pili. Kesho yake vilikuwa viwili kwa viwili. Binti mmoja akaniuliza, "Ticha, nani amevihamisha?" Nikamwambia hivyo ni miezi minne inayoizunguka Mushtarii, aliyoiona Galileo mwaka 1610, na ule wa karibu zaidi, Io, unamaliza mzunguko wake kwa siku moja na saa kama 18. Wiki iliyofuata nilikuwa na foleni.

Kwa hiyo tangazo lenu liwe hivyo vidoti. Tumeni mchoro wa mwanachama, wa kalamu, wa jana, na wa leo pembeni yake, halafu ulizeni nani atachora wa kesho. Linki ikae chini kabisa.

Mtu wa Bamvua

Naunga mkono Ticha, ila niongeze la kwetu. Mimi ni wa Tanga, baba alikuwa mvuvi. Mnapoandika "njooni tujifunze kuhusu mwezi" mnamwandikia mtu wa mjini. Watu wa pwani wanaishi na mwezi tayari. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tunapata bamvua, maji yanajaa sana na kukupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Akina mama wa mwani kule Unguja wanapanga kazi yao ya mwezi mzima kwa hilo, kwa sababu shamba la mwani linafikika vizuri siku za bamvua maji yakitoka.

Hao ndio watu wenu, na hamjawahi kuwauliza kitu. Andikeni: "Kwa nini kila siku maji yanachelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana?" Mvuvi atakuja kujibu kwa sababu anajua, atabaki kwa sababu mtamweleza kinachosababisha. Nimeona makundi mengi ya sayansi yakiwafanya wanachama kuwa wanafunzi tu wa kupokea. Mtu aliyechangia kitu haondoki kirahisi.

Mama Wawili

Mimi nisemee upande ambao wanaume wengi hamuuoni. Nilijiunga kundi moja la sayansi (si lenu, na sitalitaja). Sikumaliza siku mbili, meseji za inboksi zikaanza: "mambo mrembo, unaishi wapi". Namba yangu ilikuwa wazi kwa watu mia tatu nisiowajua. Nikatoka bila kuaga. Nina hakika katika hao sabini waliowatoka, wamo dada zangu.

Fungueni chaneli, kule wafuasi hawaonani namba, muweke humo habari za anga. Kundi la mazungumzo liwe la wanaotaka wenyewe, na anayemsumbua mwenzake inboksi atolewe siku hiyo hiyo. Mtaje na admini mmoja mwanamke ambaye mtu anaweza kumlalamikia. Watoto wa shule msiwaingize kabisa kwa namba zao, tumieni simu ya mzazi au mwalimu. Mwanangu wa darasa la sita anapenda sana sayari, ningemfungulia chaneli yenu leo, lakini kundi la wazi hapana.

Na video zenu zipunguzeni. Bando la mia tano likiisha kwa video moja ya Zohali, kesho mtu anawazima.

Nilikuwa Rujewa

Mleta uzi, tisini kuingia usiku mmoja si jambo dogo. Shida ni kwamba mliwaita kwenye tukio, halafu asubuhi hapakuwa na kitu cha kufanya.

Nilikuwa kijana tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kipete. Rujewa, kule Mbarali, ilikuwa mahali pazuri sana pa kuliona, wakaja watu wa mbali na vifaa vyao. Tulipokezana miwani ya kuangalia jua. Zamu yangu ilipofika niliona pete nyembamba ya moto, nikaikabidhi miwani kwa mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu, naye hakusema neno, alishika tu kichwa. Mpaka leo nasoma mambo ya anga kwa sababu ya dakika zile. Lakini kesho yake wageni waliondoka, na hakuna aliyechukua hata namba zetu. Wangetuuliza tu "mmeona nini, tuandikieni", sisi vijana wa pale tungekuwa kundi mpaka leo.

Tukio jingine kubwa linakuja tarehe 2 Agosti 2027. Jua litapatwa lote katika njia inayopita kusini mwa Hispania, kaskazini mwa Afrika, Luxor kule Misri ambako giza litazidi dakika 6, kisha Jidda na Makka, Yemen, hadi ncha ya Somalia. Huku kwetu tutaona sehemu tu ya jua ikifunikwa, lakini kila redio itaongea habari hiyo. Anzeni sasa kuandaa la wiki nne zitakazofuata: nani alipima saa, nani alichora, nani aliona vidoa vya mwanga vilivyomegeka kama jua chini ya mwembe. Na mkumbusheni kila mtu kuhusu miwani maalumu, macho hayana spea.

Ami wa Muscat

Assalaam alaikum. Kila ikikaribia Ramadhani, ndugu zangu wa Unguja na Mombasa hunitumia ujumbe: "Huko mmeuona?" Kuamua siku ni kazi ya masheikh, msiiguse hata kidogo. Elezeni tu kwa nini mwezi unaweza kuonekana magharibi na usionekane mashariki jioni hiyo hiyo: jua linachelewa kutua kule, na mwezi unazidi kuwa na umri. Mkieleza kwa adabu, watu wataisambaza wenyewe.

Kilimia wa Dodoma (mleta uzi)

Wakuu, nimesoma kila neno, mengine mara mbili. Mama Wawili, naomba radhi kwa niaba yetu. Nimewapigia wenzangu na dada yetu mmoja amekubali kuwa admini wa malalamiko. Jina tumeshabadilisha. Chaneli tunafungua kesho na hatutasambaza linki mpaka iwe na maswali matano ndani yake.

Swali la kwanza naliweka hapa hapa. Leo mwezi ni nusu. Mtu wa Bamvua, huko Tanga maji yakoje?

Mtu wa Bamvua

Mafu. Nimetoka ufukweni sasa hivi, yamekupwa kidogo tu. Kuna mwamba ambao wiki iliyopita watoto walikuwa wanautembelea kwa miguu kuokota chaza, leo sijauona. Mwezi ukiwa mpevu nitapiga picha nikiwa nimesimama pale pale. Nitumie hiyo chaneli ikiwa tayari.