Mifupa ya wale watoto wa mfalme pale Westminster: ifunguliwe ipimwe au iachwe?

Mleta mada:
Wadau habari za saa hizi. Kwa wasiojua kisa, mwaka 1483 mwezi wa nne mfalme Edward wa Nne wa Uingereza alikufa, akaacha watoto wa kiume wawili, Edward miaka 12 na Richard miaka 9. Mkubwa ndo akawa mfalme, Edward wa Tano, ila baba yao mdogo, Richard wa Gloucester, aliyetakiwa kumlindia kiti, akawaweka wote wawili Tower of London (ngome ya kifalme pale London), ikatangazwa ndoa ya wazazi wao ilikuwa batili kwa hiyo watoto ni wa nje ya ndoa, na Julai 6 akavikwa taji yeye mwenyewe, Richard wa Tatu. Watoto walionekana wakicheza bustanini siku za mwanzo, baadae kimya mpaka leo.

Sasa 1674 mafundi wanabomoa ngazi hapohapo Tower wakakuta kasha lina mifupa ya watoto wawili. Mfalme Charles wa Pili akaamini ndo wenyewe, msanifu majengo Christopher Wren akachora chombo cha marumaru, 1678 wakawekwa kanisa la Westminster Abbey, London, jirani na kaburi la Elizabeth wa Kwanza na dada yake Mary. Watu wameomba mara kadhaa ipimwe DNA, kanisa linakataa, na marehemu Malkia Elizabeth wa Pili aliunga mkono katazo.

Mimi nasema ifunguliwe. Siyo kwa umbea wa nani aliua, hiyo DNA haitatuambia. Shida yangu ni yale maandishi. Wamechonga kwa Kilatini kwamba hao ni Edward na Richard, walizibwa pumzi kwa mito ya kulalia, kwa amri ya baba yao mdogo msaliti mnyang'anyi wa ufalme, na kwamba imethibitika bila shaka yoyote. Bila shaka yoyote, 1674! Mafundi wenyewe inasemekana walishaitupa ile mifupa kwenye kifusi, ndo watu wakaja kuchekecha baadae. Ukimwandika mtu kwenye ukuta wa kanisa kwamba kaua watoto, basi kubali ushahidi ukaguliwe.

Mchangiaji 1:
Mkuu waache marehemu wapumzike. Miaka 500 na ushee, ukijua utapata nini? Leo wafungue hilo kesho mtadai la Henry wa Nane keshokutwa Elizabeth, lile ni kanisa watu wanasali siyo maabara.

Mleta mada:
Ya kupumzika ningekuelewa kama lisingewahi kufunguliwa. 1933 lilifunguliwa mkuu. Tanner mtunza nyaraka wa Abbey na Profesa Wright wa anatomia, pamoja na mtaalamu wa meno, wakakuta mifupa ya watoto imechanganyika na ya wanyama, wakaangalia meno wakasema mmoja ana kama miaka 12 au 13 na mwingine kati ya 9 na 11, wakarudisha. Hata kama ni wavulana au wasichana hawakuweza kusema. Kipimo cha kaboni cha kujua ni mifupa ya karne gani hakikuwepo bado. Kwa hiyo usumbufu ulishafanyika, tena wakaishia nusu.

Halafu kuna Anne Mowbray, yule aliyeozeshwa kwa huyu Richard mdogo mwaka 1478, bibi harusi miaka 5 bwana harusi 4 (ndio, mmesoma vizuri). Jeneza lake la madini ya risasi lilifukuliwa na wajenzi Stepney, London, 1964, wataalamu wakamchunguza, 1965 akazikwa tena Abbey hiyohiyo. Mbona mbingu hazikuanguka?

Mchangiaji 2:
Mbona rahisi tu, si wana DNA ya huyohuyo baba mdogo? Richard wa Tatu alipatikana chini ya paking ya magari Leicester 2012, yule uti wa mgongo umepinda. Walinganishe, dakika tano tumemaliza

Mchangiaji 3:
Dakika tano wapi. Richard alitambulika kwa DNA ya upande wa mama, ile inayopita kwa wanawake tu, walimpata fundi samani mmoja London mzaliwa wa Kanada ambaye ni uzao wa dada yake Richard. Hawa watoto mama yao ni Elizabeth Woodville, huo ni ukoo mwingine kabisa, unahitaji mtu wa mstari wa Woodville, na watafiti walishampata mwimbaji wa opera. Ya Richard inasaidia upande wa baba tu maana hao ni watoto wa kaka yake.

Mchangiaji 4:
Upande wa baba ndo wanaogopa 😂 si walimpima Richard na wanaume wa ukoo walio hai ikagoma, maana yake kuna bibi mahali fulani alichepuka. Na Edward wa Nne mwenyewe enzi zake walisema ni mtoto wa mpiga mishale. Ikigoma na kwa watoto, Mfalme Charles wa sasa atavua taji?

Mleta mada:
Hapana bwana, taji la sasa linasimama kwa sheria ya Bunge ya 1701 iliyowapa uzao wa Sophia wa Hanover, mpiga mishale hawezi kulitikisa. Naona sababu ni ya kawaida kuliko hiyo. Leicester ilikuwa paking ya halmashauri, chuo kikuu kikaomba kibali serikalini, waliotaka azikwe York wakaenda Mahakama Kuu wakashindwa 2014, 2015 akazikwa Leicester. Mnaona, watu walikuwa na pa kubishania. Abbey haiko chini ya askofu yeyote, iko chini ya mfalme moja kwa moja. Wakisema hapana ni hapana, sababu wanatoa wakijisikia.

Mchangiaji 5:
Mimi mtu wa Iringa, nawaambia mnachezea moto. 1953 Gavana Twining wa Tanganyika alikwenda Bremen, Ujerumani, kwenye makumbusho yenye mafuvu mengi, likachaguliwa moja kwa kupima ukubwa na umbo kulinganisha na ndugu, 1954 likaletwa Kalenga tukaambiwa ni la Chifu Mkwawa wa Wahehe. Hapakuwa na DNA. Watu wanaliheshimu mpaka leo, na aje mtu na mashine yake aseme siyo, halafu iweje? Anayeheshimiwa pale ni Mkwawa siyo mfupa.

Mleta mada:
Hii ndo hoja nzito kuliko zote humu, na sitaki kuikwepa. Kalenga wala siwezi kugusa, wenye neno pale ni wenyewe Wahehe na familia. Ila lile fuvu halimtuhumu mtu, linamrudisha mtu kwao. Marumaru ya Westminster inahukumu. Na ushahidi wenyewe umesimama kwa Thomas More, mwandishi aliyekuja kuandika kisa hiki baadae, ambaye 1483 alikuwa mtoto wa miaka mitano, na huyohuyo More aliandika kwamba walizikwa chini ya ngazi kisha padri akawahamisha pengine. Watu wamechukua ngazi, padri wakamruka!

Mchangiaji 1:
Sawa na wakikuta siyo wao? Mtawatupa?

Mleta mada:
Nani awatupe, wabaki hapohapo na maandishi yabadilishwe. Tower ukuta wa Warumi umepita hapohapo, inaweza kuwa mifupa ya watoto wa zamani mno wasiohusika na taji lolote. Na wakiwa ndo wenyewe basi Charles wa Pili alipatia majina, ila ile ya mito bado wafute, mfupa utajuaje habari za mto?

Mchangiaji 1:
Kwenye maandishi nakubali, waweke hata kibao pembeni cha kusema haijathibitishwa, hiyo haihitaji kufungua kitu. Kufungua bado nakataa.