Mrejesho: usaili wa kuuza bima ya maisha kwa kamisheni, Arusha

Wakuu, niliomba maswali ya kuuliza kwenye usaili wa kuuza bima ya maisha bila mshahara. Usaili umefanyika, asanteni sana.

Swali lililozaa matunda kuliko yote: mteja akiacha kulipa, kamisheni inarudishwa? Ndiyo, na imo kwenye mkataba. Tuseme mteja analipa 50,000 kwa mwezi, kamisheni ya mwaka wa kwanza ni 30%. Ukitangulizwa kamisheni ya mwaka mzima kabla mteja hajamaliza kulipa, unapokea 180,000. Akilipa miezi mitatu tu, umestahili 45,000. Zile 135,000 zinakatwa kwenye mauzo yako yajayo. Kwa hiyo mfanyabiashara wa soko la Kilombero auziwe kiwango anachokimudu hata biashara ikilala. Kumbebesha zaidi ni kumuumiza yeye na wewe.

Kampuni ikitaka orodha ya ndugu na marafiki zako wa kuwauzia, uliza wateja watatoka wapi orodha hiyo ikiisha. Nauli na vocha ni juu yako. Usajili wa wakala uko chini ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania. Ulizia nani analipia ada.

Mkataba sijasaini. Nasubiri kamisheni ya mwaka wa pili na kuendelea iandikwe, maana huko hushuka sana.