Naomba ushauri: "Potnia Theron" tumwiteje kwa Kiswahili?

Habari zenu wakuu. Natafsiri makala kuhusu hekalu la Artemis, mungu wa kike wa uwindaji wa Wagiriki wa kale, kisiwani Corfu, Ugiriki, la takriban mwaka 580 K.K. Upande wa magharibi, kwenye pembetatu ya paa, amechongwa Medusa, zimwi la kike la hadithi za Kigiriki, mwenye nyoka kiunoni, na chui wawili wakubwa wamejilaza kila upande. Wagiriki walimwita Artemis "Potnia Theron", yaani mwenye mamlaka juu ya wanyama wa porini. Nikiandika "Bibi wa Wanyama", msomaji wa bara ataona ajuza anayefuga mbuzi! "Malkia" nalo linanukia siasa kuliko ibada. Nimefikia "Mwenye Nyika", ila sina uhakika. Na wale chui, niseme ni walinzi au watumwa wa mungu huyo? Waliosomea historia ya kale nisaidieni, mhariri anataka kazi Ijumaa.